Jibu: Kuongeza uwezo wa kigeuzi cha biti 12
Mkuu, umeuliza kama ni lazima ununue kigeuzi (kifaa kinachogeuza mawimbi ya umeme kuwa namba) cha biti 16 ili mawimbi madogo na makubwa yasomeke pamoja. Si lazima. Biti 12 zinakupa kama desibeli 74 kwa nadharia kati ya wimbi kubwa na dogo kabisa linalosomeka, na kila biti ya ziada ni desibeli 6 hivi.

Mawimbi yakiwa ya polepole, chukua sampuli nyingi kuliko unazohitaji, kisha tafuta wastani. Sampuli mara 4 zinaongeza biti 1, mara 256 biti 4. Ila lazima kuwe na kelele kidogo, ya ukubwa wa hatua moja hivi ya kigeuzi (badiliko dogo kabisa kinaloweza kulisoma). Mawimbi yakiwa safi mno utasoma namba ileile tu (ndiyo, hapa kelele ni rafiki).

Mawimbi yakiwa ya kasi, mimi ningetumia vigeuzi viwili vinavyosoma kwa pamoja: kimoja mawimbi yakuzwe mara 16, kingine yaingie yalivyo. Programu isome cha kwanza, kikikaribia kujaa (kufika namba yake ya juu kabisa) ihamie cha pili. Uwiano wa ukuzaji na tofauti ya sifuri (vigeuzi kutosoma namba sawa pasipo mawimbi) upime mwenyewe, kwa sababu 16 ya kwenye mchoro huwa si 16 kamili, na kosa hilo huonekana kama ngazi, yaani mruko wa ghafla, pale vinapopokezana. Tena chagua kikuza mawimbi kinachorudi upesi baada ya kuzidiwa.