Theluji ikimwagika Minneapolis gari nipaki wapi?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi nimehamia Minneapolis juzijuzi kutoka Mombasa, sasa binamu yangu ananitisha eti theluji ikianguka nyingi gari litavutwa nikipaki ovyo, kwani barabara wanasafishaje huku?

JIBU: Poa ndugu yangu, binamu hakudanganyi. Jiji likitangaza dharura ya theluji kazi inaenda siku tatu: usiku wa kwanza saa 3 hadi saa 2 asubuhi usipaki upande wowote wa zile barabara kuu zenye alama maana malori ya kusukuma theluji yanaanzia hapo, kesho yake saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku wanaingia mitaa ya ndani upande wa nyumba za namba shufwa, keshokutwa upande wa witiri, yaani gari linahama kama kete za bao. Chumvi nayo inamwagwa iyeyushe barafu ila baridi ikipita kama nyuzi 9 chini ya sifuri inaishiwa nguvu, ndo wanatupa mchanga angalau tairi zishike. Na lile tuta la theluji linaloachwa na lori kwenye njia ya kuingizia gari nyumbani kwako ni mzigo wako, tafuta koleo mapema.