Barua kwa Mwanangu: Siku Moja Haitoshi kwa Milima ya Engadin

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe, mume wako na wajukuu wangu hamjambo huko Leicester. Sisi hapa Tanga tu wazima, alhamdulillah. Umeniuliza mambo mawili kuhusu safari ya Uswisi mnayoipanga katika likizo fupi ya shule ya mwezi wa Februari. La kwanza ni kama ziara ya treni ya siku moja kutoka Zurich, ambayo wakala ameisifia sana, inatosha kuiona milima ya theluji na maziwa yaliyoganda, kwa kuwa mumeo anasema theluji ni theluji, ukiiona asubuhi umeiona. La pili ni kama kuna usalama wowote katika kuwatembeza watoto juu ya ziwa. Umeniuliza mimi kwa sababu nilifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli ya Pontresina, kijiji cha bonde la Engadin jirani na St. Moritz, kwa misimu mingi ya baridi, na majibu yangu ni haya: siku moja haitoshi, na ziwa lina usalama kwa masharti ambayo hayana mjadala.

Tuihesabu kwanza hiyo siku moja. Kutoka Zurich mtapanda treni hadi Chur, hapo mtahamia treni nyekundu ya reli nyembamba itakayowapandisha hadi St. Moritz kwa muda wa kama saa mbili, na kutoka St. Moritz hadi Tirano, mji wa Italia ulioko mwisho wa reli, ni saa mbili na nusu nyingine. Mkifika mtakula kwa haraka, kisha mtageuza. Mwezi wa Februari jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ya kurudi mtakuwa mnatazama giza na sura zenu wenyewe kwenye kioo. Watoto watakuwa wamelala, na theluji waliyoahidiwa watakuwa hawajaikanyaga ila pale kwenye jukwaa la kituo.

Ninachokushauri ni kutafuta chumba mahali pamoja kwa usiku tatu au nne, Pontresina au Samedan, ambako kwa kawaida bei huwa nafuu kuliko St. Moritz, na kutokea hapo mwende na kurudi bila kuburura mizigo. Pontresina kuna hosteli ya vijana jirani kabisa na kituo cha treni, nayo hupokea familia pia.

Reli ya Bernina yenyewe, yaani hiyo ya kutoka St. Moritz hadi Tirano, inastahili siku nzima, na nisingependa mtu yeyote aipite usingizini. Ilikamilika mwaka 1910, na pamoja na reli ya Albula inayopanda kutoka upande wa Chur iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Inapanda hadi kituo cha Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka hadi Tirano, mita 429. Reli nyingi za milimani huwekewa chuma chenye meno katikati ya njia ili treni isiteleze, lakini hii haina; magurudumu hushika chuma kwa chuma tu, hata pale ambapo njia inapanda mita 7 kwa kila mita 100. Chini ya kijiji cha Brusio, ambako bonde ni jembamba na mteremko ni mkali, wahandisi waliijengea njia daraja la mawe la mviringo, na treni huzunguka duara zima kisha ikapita chini ya matao ya daraja lile lile ililotoka juu yake. Waambie watoto wakae karibu na dirisha, kwa maana wanaweza kuliona behewa la mbele likiwapita kwa upande.

Wakala wenu anawauzia treni ya Bernina Express, ambayo ina madirisha makubwa yanayopanda hadi darini na inatakiwa kulipiwa nafasi ya kukaa juu ya nauli. Sisemi kwamba ni mbaya. Hata hivyo, treni za kawaida hupita juu ya reli ile ile, kwa nauli ile ile isiyo na nyongeza, karibu kila saa, na zina faida ambayo treni ya watalii haina: zinasimama vituo vyote, na mnaweza kushuka popote mnapopenda, mkatembea, mkanywa kitu cha moto, mkapanda inayofuata. Mkitoka St. Moritz kuelekea Tirano, kaeni upande wa kulia, kwa sababu ndiko uliko mto wa barafu wa Morteratsch, yaani barafu nene ya kudumu inayoteremka polepole kutoka mlimani, na ndiko liliko ziwa la Lago Bianco.

Hapo Morteratsch nakuomba sana mshuke. Kutoka kituoni kuna njia ya watembea kwa miguu inayopanda taratibu bondeni, na kando yake zimesimamishwa alama zenye miaka, kila moja ikionyesha mahali ambapo ncha ya mto wa barafu ilikuwa katika mwaka ule. Mtu anaanza kwenye miaka ya karne ya 19 akiwa bado anaisikia treni nyuma yake, anapita miaka aliyozaliwa babu yake, anapita mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe, na barafu bado iko mbali mbele. Imerudi nyuma kwa zaidi ya kilomita mbili. Nilipokuwa nikifanya kazi kule, siku yangu ya mapumziko nilipenda kupanda njia ile, na sikuwahi kuizoea. Kilimanjaro yetu nayo inapoteza barafu yake, nasi huitazama kutoka mbali na kubishana kama imepungua au haijapungua. Kule Morteratsch unaupima upungufu kwa miguu yako mwenyewe. Wajukuu wangu ni wakubwa wa kutosha kuelewa jambo hilo, na nataka waione barafu hiyo ingali ipo.

Kutoka hapo treni inapanda hadi kileleni mwa njia, ambako hakuna mti hata mmoja. Utashangaa kujua kwamba Ospizio Bernina iko chini kuliko kibanda cha Mandara kwenye Kilimanjaro, ambako wapandaji hulala usiku wa kwanza katikati ya msitu mbichi. Sababu ni kwamba Uswisi iko mbali na ikweta, na jua la miezi ya baridi hupita chini sana upande wa kusini, likaiangaza theluji bila kuiyeyusha. Karibu na kituo hicho kuna maziwa mawili yanayokaribiana, Lej Nair na Lago Bianco. Maji ya Lej Nair huelekea kaskazini, yakaingia mto Inn, kisha Danube, hadi Bahari Nyeusi. Ya Lago Bianco huelekea kusini, yakafika mto Po na Bahari ya Adria. Mwezi wa Februari yote mawili yamefunikwa, na asiyeambiwa hawezi kujua kwamba anapita juu ya mgawanyiko wa maji wa bara zima. Baada ya hapo treni inaanza kuteremka kwa mizunguko kupitia Alp Grüm na Poschiavo, theluji inapungua, lugha ya vibao inageuka kuwa Kiitaliano, na Tirano mtakuta watu wamefungua vifungo vya makoti yao. Chukueni pasipoti siku hiyo, maana mtakuwa mmevuka mpaka.

Sasa nije kwenye ziwa, jambo ambalo naona linakukosesha usingizi. Maji yana tabia yake: huwa mazito zaidi yanapokuwa na joto la nyuzi 4 hivi, na yakizidi kupoa kuelekea sifuri huwa mepesi na kubaki juu. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu, na samaki wakaendelea kuishi chini. Katika bonde la Engadin hewa ya usiku hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa barafu hunenepa kiasi cha kubeba umati wa watu. Juu ya ziwa la St. Moritz kumekuwa na mashindano ya farasi tangu mwaka 1907, ambayo siku hizi yanaitwa White Turf na hufanyika Jumapili za Februari. Kuna hata mbio ambazo farasi hana mpanda farasi, bali nyuma yake anavutwa mtu aliyesimama juu ya skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Kamari inayochezwa pale haituhusu, lakini farasi wenyewe, wakitimua theluji na kutoa mvuke puani, ni jambo ambalo watoto hawatalisahau. Mwezi wa Machi hupita pale watu zaidi ya 10,000 katika mbio za skii za Engadin, zilizoanza mwaka 1969, wakitokea Maloja kwa kuvuka maziwa ya Sils na Silvaplana.

Hayo yote hayana maana kwamba barafu ni sakafu. Mwaka 2017 mashindano hayo ya St. Moritz yalisimamishwa baada ya farasi kuanguka mahali palipokuwa na ufa, na hapo palikuwa na wataalamu waliokuwa wakiipima barafu. Barafu huwa nyembamba pale mto unapoingia ziwani na pale unapotoka, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Theluji nyingi inayoanguka mapema huizuia baridi isiifikie barafu, kwa hiyo ziwa lililofunikwa vizuri na kupendeza huenda likawa ndilo dhaifu. Ziwa la bwawa la umeme, kama Lago Bianco, lina hatari ya ziada, kwa maana maji yakitumiwa hushuka na barafu ya kando hubaki bila cha kuiegemea. Hilo kwa upande wenu liwe la kutazamwa kutoka dirishani.

Masharti yangu kwa hiyo ni haya, na nakuomba umsomee mumeo. Msikanyage ziwa lolote kabla ya kutangazwa kwamba limefunguliwa, na mkishalikanyaga msitoke nje ya njia iliyowekewa alama, hata kama mtaona nyayo za watu wengine zimeelekea kwingine. Nyayo hazikuelezi zilipigwa lini. Mkisikia barafu ikitoa mlio mrefu unaokimbia kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, msiwatie watoto hofu, maana mara nyingi ni barafu inayotanuka na kusinyaa kadiri joto linavyobadilika. Nilikuwa nikiisikia asubuhi ninapopita ukingoni na bado ilinisisimua kila mara. Milimani nako fuateni njia za majira ya baridi zenye vibao vya rangi ya waridi, na muulize mapokezi kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji, kwa kuwa taasisi ya utafiti iliyoko Davos hutoa taarifa mara mbili kwa siku, ikipima hatari kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 5.

Siku moja muiache bila treni kabisa. Kutoka Pontresina kuna bonde la Roseg, ambalo gari la theluji la kukokotwa na farasi huingia hadi ndani, na katika misitu ya jirani kuna ndege wadogo waliozoea watu. Mtoto akisimama kimya, akanyoosha kiganja chenye karanga zisizo na chumvi, ndege hushuka, akashika ncha ya kidole kwa kucha nyembamba kama sindano, akachagua punje moja na kuondoka nayo. Watoto wa wageni hotelini walikuwa wakirudi na habari hiyo kuliko habari ya mlima wowote.

Kuhusu chakula, uwe mwangalifu na supu ya shayiri, maana ni tamu na ipo kila mahali, lakini mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe. Uliza kabla ya kuagiza. Tambi za ngano nyeusi za Poschiavo, zinazopikwa na viazi, kabichi na jibini, zitawafaa. Mavazi usiyanunue ya fahari. Nguo ya ndani iwe ya sufu na si ya pamba, kwa maana pamba ikishika jasho hugeuka kuwa baridi mwilini. Juu yake sweta, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua ni lazima hata kwa ngozi zetu, kwa sababu theluji hurudisha mwanga usoni kutoka chini, na midomo ndiyo hupasuka kwanza.

Gharama ni kubwa, sikufichi. Ulizeni pasi ya kusafiria ya Uswisi inayouzwa kwa wageni, kwa maana inafika hadi Tirano, na watoto wa miaka 6 hadi 15 husafiri bure na mzazi wao wakiombewa kadi ya familia. Pigeni hesabu hiyo kando ya bei ya wakala kabla ya kumlipa chochote.

Niandikie namba za viatu vya watoto wiki hii. Rafiki yangu niliyefanya naye kazi bado anaishi Pontresina, wanawe wamekua, na mabuti yao ya theluji yamo darini mwake. Amekubali kuwaazima, ila anataka kuyatoa na kuyapaka mafuta mapema.

Msalimie mkwe wangu, na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Mama yako