Maswali ya Wasomaji: Mashapo Mengi, Polisakaraidi Kidogo

Swali: Mhariri, natafuta polisakaraidi (minyororo mirefu ya sukari) inayotolewa na bakteria. Nimekuza Lactobacillus niliyoitenga kutoka kwa mursik (maziwa yaliyochachushwa) katika mchuzi wa MRS, chakula cha maabara cha kukuzia bakteria hao. Nilipotia ethanoli, nilipata mashapo meupe ya gramu 3 kwa lita. Mwalimu wangu hasadiki. Tatizo liko wapi? (Mwanafunzi, Kasarani)

Jibu: Mwalimu ana sababu ya kutosadiki. Lactobacillus nyingi hutoa polisakaraidi ya makumi au mamia ya miligramu kwa lita. Mavuno ya gramu kadhaa ni ya bakteria kama Leuconostoc mesenteroides, inayogeuza sukrosi kuwa dekstrani (aina ya polisakaraidi), na MRS ya kawaida haina sukrosi. Ina glukosi gramu 20 kwa lita.

Huenda sehemu kubwa ya ulichopima ilitoka kwenye mchuzi wenyewe. MRS ina dondoo la hamira, na hamira ina manani, ambayo pia ni polisakaraidi. Ethanoli haibagui: huangusha manani hiyo, protini na chumvi za fosfeti pamoja na unachokitafuta. Chukua mchuzi usiopandwa bakteria, uupitishe hatua zote zilezile, kisha utoe uzito wake kwenye wako. Ukiweza, chuja dondoo la hamira kwa utando wa kDa 10 (kilodaltoni, kipimo cha ukubwa wa molekuli zinazoweza kupita) kabla ya kuandaa mchuzi, utumie kilichopita tu.

Kisha fuata mpangilio huu. Chemsha kilimo chako (mchuzi wenye bakteria waliokua) ili kuua vimeng'enya vinavyoikatakata polisakaraidi. Vitabu husema nyuzi 100 kwa dakika 10, lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo acha dakika 15. Poza, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 10,000 (mara 10,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 20 katika nyuzi 4, utupe seli. Kwa kila mililita 95 za maji ya juu, tia mililita 5 za asidi ya trikloroasetiki ya 80%, upate 4%. Vaa glavu, asidi hii huunguza ngozi vibaya. Koroga saa 2 kwenye baridi, zungusha tena, utupe protini iliyoganda. Rudisha pH hadi 7 papo hapo, maana asidi ikikaa sana huanza kuvunja minyororo ya sukari.

Sasa tia ethanoli baridi ya 95%, ujazo mara 3, polepole huku ukikoroga. Ukiimwaga kwa pupa, donge huganda na kufungia uchafu ndani. Acha usiku kucha katika nyuzi 4, kusanya mashapo, yayeyushe kwa maji moto yaliyokenekwa, kisha fanya dayalisisi, yaani tumbukiza katika maji mfuko unaopitisha molekuli ndogo tu, wa kDa 12 hadi 14, siku 2 au 3, ukibadilisha maji mara mbili au tatu kwa siku. Hapa ndipo wengi huharakisha. Waliokuza kwenye maziwa ndio huumia zaidi, kwa sababu laktosi nayo huanguka kwenye ethanoli. Kausha kwa kugandisha katika ombwe, ndipo upime uzito.

Swali: Sentrifuji yetu haipiti mizunguko 4,000 kwa dakika. Inatosha? (Ngara)

Jibu: Kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, hiyo ni g 2,700 hivi. Seli za kilimo chepesi zitashuka ukizungusha dakika 40. Za kilimo kinachovutika kama uji wa mlenda hazitashuka. Ongeza maji yaliyokenekwa ujazo sawa kabla ya kuzungusha, na ukumbuke kuzidisha ethanoli vivyo hivyo. Unapoandika ripoti, taja g, kwani mizunguko bila nusu kipenyo haimsaidii mtu.

Swali: Kipimo cha sukari cha fenoli na asidi ya salfuriki hunipa majibu tofauti kwa sampuli ileile. (Lang'ata)

Jibu: Kagua jinsi unavyotia asidi. Kwa mililita 0.5 za sampuli na 0.5 za fenoli ya 5%, mililita 2.5 za asidi kali ziingie kwa mara moja, katikati ya kimiminika, kwa sababu joto linalotoka ndilo linaloleta rangi. Ikitiririka ukutani mwa neli, rangi hupungua. Soma kwenye nanomita 490 baada ya kupoa, ukilinganisha na glukosi ya mikrogramu 10 hadi 100 kwa mililita. Sampuli ambayo haijapita dayalisisi itakudanganya hata mkono wako ukiwa thabiti, kwani kipimo hiki huhesabu kila sukari. Protini ipime kando kwa njia ya Bradford, inayotumia rangi inayoshikana na protini. Ikiwa bado nyingi, rudi kwenye asidi ya trikloroasetiki kabla ya kufikiria safu ya DEAE, inayotenganisha molekuli kwa chaji zao.