Kuchapa shuka la mtumba kwa jua: angalia kiolezo kimelalaje

Dada uliyeuliza kama baridi ya Mbeya inaruhusu kuchapa mashuka ya mtumba juani, na kwa nini michoro yako inatoka imefifia: inaruhusu, tena vizuri. Mimi nafanyia hapa Uyole, na Juni na Julai ndiyo miezi ninayoipenda, hewa inakuwa kavu. Ngoja umande uishe, anza kama saa nne. Upepo ukichachamaa, ahirisha.

Wengi hudhani jua linaichoma rangi kwenye nguo. Kwa hizi rangi za maji za kuchapia, sivyo. Nguo ikiwa imelowa rangi, sehemu iliyo wazi hutangulia kukauka, na inapokauka huvuta maji yenye rangi kutoka chini ya kiolezo, yaani lile umbo unalolilaza juu ya nguo. Ndiyo maana palipofunikwa panabaki hafifu. Sasa kiolezo kikinyanyuka kidogo tu, hewa inapita chini yake, kote kunakauka pamoja, mchoro unapotea. Naamini shida yako iko hapo, maana umesema unakata violezo vyako kwenye boksi. Boksi linanyonya maji na kujikunja. Kata filamu ya zamani ya eksirei kwa wembe, halafu panga kokoto ndogo ndogo pembezoni.

Au tumia jani bichi la mgrivea, uzuri wake sijaona mfano! Limechanjika kama kitambaa cha kufuma, na huku miti hiyo imejaa mipakani mwa mashamba. Uligandamize kwa kiganja mpaka kila ncha ishike nguo.

Ukienda sokoni Mwanjelwa kununua shuka, chagua pamba tupu. Chomoa uzi, uchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fua kwanza kwa sabuni, hata kama shuka linaonekana safi.

Tandika juu ya nailoni, lowesha, paka rangi haraka (kijiko kimoja kwa viwili vya maji), weka violezo kabla haijaanza kukauka. Ukinyunyizia chumvi ya mawe sehemu za wazi utapata madoa yanayofanana na nyota. Usifunue kuchungulia.

Unga wa rangi ya batiki, ule unaochanganywa na soda na haidrosi (kemikali ya kuyeyushia rangi), usiulete huku, ule una utaratibu wake.

Ikikauka kabisa, piga pasi ya moto upande wa nyuma, bila maji, dakika chache kila sehemu, ndipo ufue. Pasi ya mkaa inatosha, ila pangusa majivu kwanza.