Safari ndefu na uchakavu wa injini
Ndugu yangu, umeuliza kama safari za mara kwa mara za Mtwara hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 560, huimaliza injini mapema kuliko mizunguko ya mjini. Hapana. Injini husagika zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijasambaa vizuri, na gari linalotoka mtaa wa Shangani, hapo Mtwara, kwenda sokoni tu huzimwa kabla oili haijapata joto la kutosha kuondoa unyevu na masalia ya petroli yaliyoingia ndani yake. Barabara kuu huipa injini mwendo mmoja, nazo breki hupumzika.

Kinachoumia ni matairi na beringi zinazowezesha magurudumu kuzunguka, hasa gari likibeba mzigo mkubwa, kwani tairi lenye upepo pungufu hujikunja, hupata moto na huweza kupasuka. Pima upepo alfajiri, matairi yakiwa bado baridi. Ukisimama njiani Nangurukuru, kule Kilwa, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikitoa joto kali kuliko nyingine, huenda breki inashika au beringi inakufa, nami nakusihi usiendelee na safari kabla fundi hajaifungua.