Mbona Wabongo hawaulizani kabila?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi Mkenya niko Arusha kikazi, nikimuuliza mtu kabila lake ananishangaa, kwani nyie hamna makabila?

JIBU: Marahaba kijana. Yapo, zaidi ya 120! Ila baada ya uhuru 1961 serikali ya Nyerere ilikazana kweli, 1963 wakafuta utawala wa machifu na mwaka huohuo JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ikaanzishwa, alafu wanafunzi wa bweni na wafanyakazi wa serikali wakawa wanatupwa mbali na kwao, mtoto wa Bukoba anajikuta Songea anakula na kulala na Mngoni, sasa mtaongea nini kama sio Kiswahili? Na Kiswahili kilikuwa hakina mwenyewe bara, Wasukuma ndo wengi lakini hakuna aliyelazimishwa kujifunza Kisukuma. Hata sensa, mara ya mwisho kuuliza kabila ni 1967.

Sikufichi, haikuwa raha tupu, 1965 tukabaki na chama kimoja bara na kingine Zanzibar na ukipinga unaonekana unagawa watu. Ila kabila bado tunaulizana bwana, ila mpaka tuzoeane kwanza, tena kwa utani. Ngoja Mhehe na Mngoni, ambao ni watani, wakutane msibani ndo utajua.