Sauti Hupotea Njiani: Kwa Waimbaji Wapya wa Taarab

Mwaka wa mwimbaji wa taarab hauanzi Januari. Unaanza usiku wa Idi mosi, pazia likifunguliwa baada ya mwezi mzima wa vyombo kufunikwa, na unaishia kwenye vunja jungu, siku za mwisho za Shaabani. Kwa hiyo sasa, katika mfungo, ndio wakati wa kukaa chini na kuutazama mwaka: tulisafiri wapi, mwili ulikuwaje, tuliimba vipi. Vunja jungu za safari hii zimetuonyesha waimbaji wapya, vijana wenye sauti nzuri kwelikweli, wakipanda jukwaani wamepwelewa sauti, wakikaza shingo mpaka mishipa inatoka, wakishuka hawana neno. Walikuwa wametoka kwenye basi la usiku. Walikuwa wameshindiliwa tangawizi mbichi na yai bichi. Wadogo zangu, mambo haya yalikuwapo kabla hamjazaliwa, na hakuna sababu kila kizazi kiyaanze upya.

1. Nunua daftari. Kila onyesho liwe na mstari mmoja: tarehe, mji, saa ulizolala, nyimbo ulizoimba, ulichokula na saa ngapi, na sauti ya kesho yake asubuhi kwa alama kuanzia 1, mbovu kabisa, hadi 5, safi kabisa. Mwaka ukiisha utasoma mwenyewe kwamba alama 2 zako nyingi zimefuata usiku wa safari, wala si usiku wa nyimbo nyingi. Wanaobishana na hili ni wale ambao hawajawahi kuandika.

2. Usiimbe juu ya sauti iliyokauka. Hapa mtatuvumilia, maana kosa hili ni letu sisi tuliowatangulia. Tuliwafundisha kwamba mwimbaji wa kweli hakosi jukwaa. Tuliwasifu waliopanda wakiwa hawawezi hata kuomba maji, tukawatunza pesa, tukawaambia wamekomaa. Baadhi yao leo hawaimbi. Ndiyo sababu inafaa kueleza taratibu kinachotokea kooni, ili mtu akikulazimisha ujue unakataa nini.

Nyuzi za sauti ni mbili, zimelala ndani ya kongomeo, ile sehemu ya koo inayotoa sauti. Mwanamke akizungumza tu, zinagongana takriban mara 200 kwa sekunde. Akipanda mpaka ile La iliyo juu ya Do ya katikati ya kinanda, zinagongana mara 440 kwa sekunde. Ukikosa usingizi, ukakauka maji, ukapiga soga kuishinda injini ya basi saa sita nzima, zinavimba. Uzi uliovimba ni mzito, ndiyo maana asubuhi sauti inakuwa nene, na wengine hufurahi wakidhani imeiva. Haijaiva. Nyuzi hazifungi sawasawa, pumzi inavuja katikati, na mwimbaji akiona sauti haitoki anasukuma. Akisukuma zinagongana kwa nguvu zaidi, zinavimba zaidi, anasukuma tena. Wimbo wa dakika kumi unatosha kuugeuza uvimbe wa siku mbili kuwa wa wiki mbili.

Hali hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki, pale nyuzi zinapogongana sana panaota vinundu, kwa kawaida pande zote mbili. Vinundu vya namna hiyo mara nyingi hutulia kwa mapumziko na mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu. Kisu si cha kukimbilia kwanza. Kinachotisha zaidi ni mshipa mdogo wa damu kupasuka juu ya uzi. Dalili yake ni sauti kukatika ghafla katikati ya ubeti, kama taa iliyozimwa. Hapo hamalizi ubeti mtu. Shuka, nyamaza kabisa, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na siku ambayo koo limevimba usimeze aspirini, maana inapunguza uwezo wa damu kuganda. Kama ni maumivu ya kichwa, parasetamoli haina tatizo hilo.

Kuna pia sindano ya kupunguza uvimbe, ambayo mtu huchomwa saa chache kabla ya onyesho na sauti ikarudi. Inarudi, ni kweli, lakini nyuzi zilizochoka zinarudishwa kazini zikiwa hazijapona, na aliyechomwa hana tena dalili ya kumzuia. Uamuzi huo ni wa daktari aliyeziona nyuzi kwa kamera yake. Haumhusu kiongozi wa kundi, wala duka la dawa la jirani na ukumbi.

Kipimo cha kufanya mwenyewe kila asubuhi: chagua kibwagizo kilicho juu, ukiimbe polepole sana kwa sauti ndogo mno, kama unambembeleza mtoto asiamke. Ukiona noti zilizokuwa zikitoka jana leo zinaanza na pumzi kabla ya sauti, au hazitoki, nyuzi zimevimba. Kupaza sauti hakupimi kitu, kwa sababu nguvu inaficha uvimbe.

Zikiwa zimevimba, nyamaza siku moja au mbili. Usinong'one, maana wengi wakinong'ona hukaza kongomeo. Ukilazimika kusema, ongea kidogo, kwa upole, kwa sauti ya kawaida. Jifukize mvuke wa maji matupu dakika kumi. Sufuria iwe imeshaepuliwa na kuwekwa mezani, usije ukaungua uso. Mikaratusi na dawa za kupoza koo hukupa raha ya muda, lakini zinaweza kukausha, na koo lililokufa ganzi halikuambii linapoumia. Tangawizi na yai vinapita kwenye njia ya chakula, havigusi nyuzi kabisa. Sauti ikikaa mbovu zaidi ya wiki tatu, huo si uchovu wa safari tena. Nenda ukapimwe.

Na kama onyesho halikwepeki? Mwambie kiongozi mchana, si saa tatu usiku. Mpiga kinanda ashushe wimbo toni moja au mbili, waitikiaji wabebe vibwagizo, bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu wa kufungulia, irefushwe, wewe uimbe wimbo mmoja badala ya mitatu. Wapenzi wa taarab wanasamehe wimbo mmoja uliotulia.

3. Maji ya saa mbili usiku hayasaidii onyesho la saa tatu. Maji hufika kwenye nyuzi kwa njia ya damu, na huchukua masaa, kwa hiyo anza asubuhi na uendelee mpaka mkojo uwe mweupe. Tunajua kwa nini hamnywi ndani ya basi: dereva hasimami kuchimba dawa kila mnapotaka. Basi kunyweni vizuri saa mbili kabla ya kuondoka, na tena kila basi linaposimama kwa chakula. Kipupwe cha basi kikikupiga usoni, funga mdomo na pua kwa mtandio, uvute hewa yenye unyevu wako mwenyewe. Na mlale. Tangu Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi santuri, mwimbaji wa taarab ni msafiri. Kiti cha basi ni sehemu ya kazi yake.

4. Biriani la saa saba usiku. Harusi haiishi bila sahani, na ukiikataa utaambiwa unajidai. Lakini mtu akila akashiba kisha akalala hapo hapo, asidi hupanda kutoka tumboni na kuunguza nyuma ya kongomeo. Dalili yake ni sauti mbovu kila asubuhi inayotengemaa kufikia mchana, na kikohozi cha kusafisha koo kisichokwisha. Kula vizuri saa kumi na moja jioni. Sahani ya usiku funga, uile kesho. Kama huna budi kula, kaa saa mbili au tatu kabla ya kulala, au inua miguu ya kichwani mwa kitanda kwa tofali, sentimita 15 hivi. Kuongeza mito kunakunja tumbo tu.

5. Kwenye kujaribu mitambo, kitu cha kwanza kumwomba fundi ni sauti yako kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe jukwaani. Asiyejisikia hupaza sauti bila kujijua, na hili linawaumiza wengi kuliko noti za juu. Mwambie apunguze kinanda na gitaa la besi upande wako kabla hajakuongezea wewe. Fundi mitambo msalimie, mjue jina, mpelekee chai.

6. Masikio: kelele za desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinavumilika kwa muda wa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Desibeli 100, ambazo mbele ya spika zinapatikana kirahisi, ni dakika 15 tu. Vaa vizibo. Pamba haitoshi.

7. Homa baada ya safari ipimwe kwanza. Hii ni kwenu hasa mliokulia Unguja na Pemba, ambako malaria imepungua mpaka miili yenu haina kinga ya kutosha. Mnakwenda bara kwa harusi mbili, mnarudi, siku ya kumi kichwa kinagonga mnasema ni uchovu. Kachomwe kidole, majibu ni dakika 15 hadi 20. Ukikutwa nayo ukapewa dawa mseto ya ALu, vidonge vya miligramu 20/120, dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, bila hivyo mwili hauichukui sawasawa. Kila msimu kuna anayeacha dozi ya nne kwa sababu homa imeshuka na kuna onyesho Tanga. Vidonge vilivyobaki kwenye mkoba si akiba, ni ugonjwa uliosubirishwa.

8. Anayepakia vyombo asiache udi, ile ala ya nyuzi, ndani ya buti la gari juani. Gundi inalainika na daraja linang'oka. Kanuni, ile ala bapa yenye nyuzi sabini na zaidi, isikae sitaha ya boti inakorukiwa na maji ya bahari, kwa sababu ile ngozi iliyo chini ya daraja lake ikilowa inalegea, na chombo kizima kinapoteza sauti. Pakia kwa mkono wako mwenyewe.

9. Kutoka mfungo hadi Idi ndipo wengi wanapovunjika. Mwezi mzima hawakuimba, mchana hawakunywa maji, halafu siku tatu mfululizo, kumbi tatu, wanataka kutoa sauti yote. Kunyweni kidogo kidogo kutoka futari mpaka daku, msije mkamimina lita nzima kwa mkupuo. Asiyependa kuimba Ramadhani na asiimbe, lakini kuvuma kwa mdomo uliofumbwa dakika kumi kila usiku, ukipanda na kushuka taratibu, si onyesho, na kunaziweka nyuzi tayari. Kisha pangeni Idi na kiongozi mapema: Idi mosi wimbo mmoja mwepesi, Idi pili mbili. Ule mzito, wa kutunzwa pesa mpaka asubuhi, ukae Idi tatu, ikiwa alama ya daftarini asubuhi hiyo ni 4 au 5.